Mshenga wa Kitabu cha Mama

Mpaka leo nikiona mtu anatafuna tambuu nageuza uso. Wajukuu hunicheka, husema bibi ana makuu, maana tambuu siku hizi haina walaji wengi na hao wachache huila kwa staha. Hawakumwona karani wangu. Mdomo wake ulikuwa mwekundu kama kidonda kibichi, meno yameungua kwenye fizi, na kando ya kiti chake lilikaa kopo la maziwa ambalo ndilo alilokuwa akitemea. Hakuwa na shabaha. Na huyo ndiye mtu niliyemkabidhi jambo la pekee ambalo mama yangu alipata kuniomba katika maisha yake.

Ilikuwa Kilwa Kivinje, wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili vya Wazungu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, ndoa yangu ya pili imevunjika, nimerudi kwa mama na sanduku langu. Chuo cha Kurani nilisoma mpaka nikahitimu, kwa hiyo herufi za Kiarabu niliziandika upesi kuliko wanaume wengi wa mtaani, na hilo lilikuwa moja ya mambo yaliyowachosha waume zangu. Mama naye macho yake yalikuwa yameanza kuingia utando mweupe. Masika moja, tukiwa tumekaa tu ndani mvua inanyesha, akaniambia nichukue daftari niandike.

Alianza na njaa. Njaa ile iliyokuja baada ya vita vya kumpinga Mjerumani, wakati askari wake walipochoma maghala na mashamba, na watu wa bara wakawa wanatembea porini kama mbuzi. Mjini kwetu hakuna aliyekuwa akiizungumza njaa hiyo. Watu wenye nyumba za mawe na kanzu za kupigwa pasi hawapendi kukumbuka kwamba mama zao walichemsha ngozi ya kigoda wakanywa mchuzi wake. Mama aliyasema yote, tena kwa mpangilio, chakula baada ya chakula: mizizi ya ming'oko inachimbwaje, majani gani yanapikwa na magadi na yapi yanaharisha, panya wa shamba anachunwa kuanzia wapi. Mengine yalinishinda nikaweka kalamu chini. Yeye alisubiri nimalize kujifanya mtoto wa kishua, akaendelea. Nilidhani ananifunza mapishi ya shida, ikiwa itarudi.

Masika ya pili ndipo akafika alikokuwa akienda tangu mwanzo.

Kuna kiazi cha porini kinachoitwa ndiga. Ukikila hivi hivi kinaua. Hukatwa vipande, vikatiwa kwenye kikapu, kikapu kikazamishwa kwenye maji yanayokwenda, siku tatu, na wengine husema nne. Mama, binti wa miaka kumi na miwili hivi, aliachiwa kazi ya kulinda vikapu mtoni. Siku ya pili akaja msichana wa rika lake, mtu wa Mitole, ambaye familia yake ilikimbia pamoja na ya kwao. Msichana akapiga magoti akamshika mama miguu, akamwomba. Mama akampa vipande vitatu.

"Nilivihesabu," mama akaniambia. "Vitatu. Alasiri alikuwa amekufa. Wakubwa wakasema njaa imemchukua, na mimi nikanyamaza."

Alikuwa amenyamaza zaidi ya miaka arobaini. Mara moja, akiwa tayari mke wa mtu, alikwenda Mitole kuwatafuta ndugu wa yule msichana. Walikuwa wamehama na hakuna aliyejua wamehamia wapi. Sasa alitaka kitabu kichapwe. Kitabu, alisema, kitatembea, kitawafikia hata kama yeye hafiki, nao watasoma jina la mtoto wao na jina la aliyempa. Akanitajia majina yote mawili nikayaandika. Hapa sitayaweka, kwa sababu ninayoyasema hapa ni ya aibu yangu mimi, si yao.

Aliniomba kitu kimoja tu: kiwahi, kabla macho yake hayajafunga kabisa.

Wakati ule ilijulikana kwamba Dar es Salaam kuna ofisi inayopokea maandishi ya Kiswahili na kuyachapa. Lakini ofisi hiyo haikutaka herufi za Kiarabu, ilitaka za Kizungu tena zilizopigwa taipu, na mimi za Kizungu nilijua kuzisoma tu, taipu sijawahi hata kuigusa. Na hata ningeijua, mtu hajipeleki mwenyewe. Kwetu mwanamume hata awe na jambo jema namna gani, hawezi kwenda kubisha hodi kwa watu akasema nimekuja kumwomba binti yenu. Anatafuta mshenga, mtu mzima mwenye ulimi, anayejua kuingia na kutoka. Itakuwa mwanamke na kitabu?

Nikaulizia. Jibu lilikuwa moja: karani. Alikuwa amestaafu kazi ya mahakama pale bomani, ana mashine yake ya taipu aliyoinunua kwa Mhindi, na mzee mmoja wa Tingi alishaandikiwa naye kijitabu cha kulima mikorosho kikachapwa kweli, watu wamekishika. Mwenyewe alijiita wakala wa vitabu.

"Yaani mshenga," mama akasema nilipomwambia. Akaridhika.

Siku ya kwanza nilikwenda na buibui langu jipya na mkate wa kumimina, maana hukai kwa mtu mikono mitupu. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba huku anatafuna. Mkewe, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, akanikaribisha ukumbini tukakaa naye kitako, na karani yuko kwenye kiti chake mlangoni. Kabla hajauliza habari za kitabu aliukata mkate, akala nusu yake bila kuitoa tambuu shavuni, anaisukuma tu upande kwa ulimi. Nilitazama dari.

"Binti," akasema, "Mzungu mimi namjua mpaka utumbo. Miaka ishirini na minane nimekaa meza moja naye. Wewe lete daftari."

Akalichukua daftari langu. Akalamba kidole. Nilikiona kidole kikienda mdomoni, kikatoka kimelowa wekundu, kikashika kona ya karatasi yangu safi na kuigeuza. Nilihisi kama ameninawia usoni.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mama yule mtu siwezi kumvumilia. Mama akauliza kama anajua kazi. Nikasema wanasema anajua. Basi, akasema.

Kazi ilichukua miezi minne. Kila Jumatatu nilipeleka mkate, maana hakutaka kitu kingine, na kila Jumatatu niliketi na mkewe nikisikia mashine inagonga na kikohozi na ile sauti ya kopo. Nilijitahidi kumchukia kwa adabu. Nilichukia ukucha wa kidole chake kidogo, mrefu, ambao aliufuga kwa ajili ya kuchotea chokaa ya tambuu. Nilichukia alivyokuwa akiwasifu wateja wake waliotangulia, na alivyoniita binti wakati mimi nimeolewa mara mbili. Nilichukia hata alivyosoma, kwa maana alisoma kwa midomo, anamung'unya maneno ya mama yangu pamoja na popoo ya tambuu yake. Nikawa nasema moyoni, ya Rabi, katika mji mzima huu hakupatikana mshenga mwenye mdomo msafi?

Jumatatu moja nilikwenda nikakuta mashine imefunikwa kitambaa. Mkewe akasema mzee hajisikii vizuri. Niliacha mkate nikaondoka. Kesho yake mkate ukarudishwa kwetu mzima, umefunikwa kawa, hata kisu hakijapita. Nilikasirika. Kumrudishia mtu chakula chake! Nikamwambia mama, huyu sasa anatudharau, ameshiba mikate yetu. Mama akasema labda tumbo. Tuliula wenyewe, na mimi kila tonge nililila na tusi.

Alipomaliza aliniita, akanipa bunda la karatasi mia na kumi na mbili. Nikafungua. Taipu ilikuwa nzuri, sikatai, mistari imenyooka kama imepigwa uzi. Lakini kila ukurasa, chini upande wa kulia, ulikuwa na alama nyekundu ya dole gumba. Nyingine alama moja, nyingine mbili, nyingine zimepakana mpaka zinafika kwenye maandishi. Nilitaka kulia. Nilimwuliza kama anafikiri nitampelekea Mzungu kitu kama hiki.

"Ni tambuu tu," akasema. "Mzungu anasoma maneno, hasomi kona."

Nikalibeba bunda nyumbani, nikakaa uwani na wembe, nikawa nakwangua kona moja moja polepole karatasi isitoboke. Siku mbili nilikwangua. Nikafika ukurasa wa ishirini, mikono inanuka popoo, nikakata tamaa. Kurasa zilizobaki nikaziacha na uchafu wake.

Sasa karani akaleta neno jingine. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza, barabara ya kaskazini imekatika kwenye Rufiji, malori hayapiti. Alisema tungoje, njia ikifunguka atakwenda Dar es Salaam mwenyewe, akae mbele ya Mzungu wa vitabu, aseme kwa mdomo wake. Mshenga hatumi barua, alisema. Na hapo alikuwa na haki, hata mimi nilijua. Lakini nilipowaza kwamba mtu huyu ataingia ofisini kwa watu kwa niaba ya mama yangu, akae kwenye kiti cha watu, amwage ule wekundu kwenye sakafu yao, mwili ulinisisimka. Nikasema macho ya mama hayangoji njia. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa sababu. Nikasema tutume kwa posta, itakwenda na meli, na karani aandike barua ya kuombea.

Aliandika. Siku tatu baadaye akaniita nije kuisikiliza, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mahakamani:

"Mheshimiwa Bwana, leo nakuletea kitabu ambacho tangu nchi hii kujua herufi hakijapata kuandikwa. Ukikisoma hutalala, na ukilala utaota njaa. Mimi niliyeandika kesi za wezi na mirathi ya matajiri kwa miaka ishirini na minane, sijapata kupiga taipu maneno ya kweli kama haya..."

Masikio yalinipata moto. Nilimwona kama wale wanaouza dawa ya meno sokoni, wanaopanda juu ya kasha na kupiga kelele. Nikamwambia basi, inatosha. Akainua kidole, bado kuna kurasa mbili. Nikanyoosha mkono nikaichukua ile barua mikononi mwa mtu mzima, nikaichana mbele ya mkewe. Nilifanya hivyo mimi, niliyekuwa nikijisifu kwa malezi.

Lazima nieleze, maana vijana siku hizi wanajisifu hata kwa viatu. Kwetu mtu hasifu cha kwake. Ukipeleka sahani ya wali kwa jirani, wali wa nazi uliokesha nao, unasema: ni wali tu huu, hata haukuiva, mkishindwa wapeni kuku. Jirani anajua kabisa kwamba ni wali wako bora, na yeye anajibu: la, mikono yako haikosei. Mshenga akija kuomba, baba wa binti anasema: mtoto mwenyewe hajui hata kuchochea moto. Mshenga anasema: huyo huyo asiyejua ndiye tunayemtaka. Kila mtu ana sehemu yake na anaijua. Anayekisifu chake kwa kinywa chake anavuta husuda, na zaidi ya husuda anaonyesha kwamba hakulelewa na mtu. Mama yangu ndiye aliyenifunza hivyo, tangu sijui kufunga kanga.

Kwa hiyo nikaitamka barua yangu mwenyewe, na karani akapiga taipu. Ninaikumbuka neno kwa neno, na laiti ningeisahau. Baada ya salamu nyingi, ilisema: nakuletea vijikaratasi vichache vya mwanamke asiyejua kitu, mambo aliyoyasikia kwa mama yake asiyejua kitu. Havina faida kubwa wala havistahili wakati wako. Ni habari za vyakula vya watu maskini. Ukiona havifai usione haya kuvitupa. Na utuwie radhi kwa uchafu wa kurasa.

Karani alifika kwenye "havina faida" akaacha kugonga.

"Binti, Mzungu hajui kujibu haya. Wewe ukimwambia huna akili, yeye anaandika: hana akili. Nimeona. Mzee mmoja Mmatumbi alisimama mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa boma, akasema, mimi mkosa wako bwana. Anasalimia tu! Anaonyesha adabu! Likaandikwa kwamba amekiri kosa. Akafungwa. Nililiandika mimi, kwa mkono huu."

Akaunyoosha mkono ili niuone. Nikautazama. Niliona ukucha wenye chokaa na dole gumba jekundu, na kwa sababu ya kuona hivyo sikusikia alichosema. Nikamwambia mzee, tafadhali andika kama nilivyosema. Sitaingia nyumba ya watu kwa kujisifu.

Akaandika. Nilirarua pindo la kanga kuukuu ya mama, nikalifunga bunda kwa fundo letu la kufungia mikeka, fundo la kike ambalo mwanamume akilifungua hajui kulirudisha. Barua nikaiweka juu ya fundo, nikafunika kwa karatasi ngumu, nikanakili anwani aliyoniandikia karani, nikapeleka posta mwenyewe. Njiani nilijisikia msafi. Hilo ndilo linalonikera zaidi kuliko yote nikikumbuka, kwamba nilijisikia msafi.

Tulingoja mvua zikaisha, mahindi yakakomaa, njia ikafunguka. Mama kila nikirudi sokoni aliuliza kama posta wamesema neno. Jicho la kushoto likafunga. Akaanza kuniomba nimsomee kitabu mwenyewe kutoka daftari, na kila mara tukifika mtoni kwenye vikapu aliniambia nisome taratibu.

Bunda likarudi siku ya Alhamisi. Nililijua kwa uzito wake nikiwa bado mlangoni pa posta. Nikafungua ile karatasi ngumu palepale, watu wakipita. Juu kulikuwa na barua fupi ya taipu. Ilisema kwamba kwa kuwa mwandishi mwenyewe anaeleza kwamba habari hizi hazina faida, na kwa kuwa karatasi zake ni chafu, ofisi haikuona haja ya kuzichunguza. Mwandishi alishauriwa kuandika juu ya mambo ya manufaa, kwa mfano usafi wa nyumba.

Chini ya barua lilikuwepo fundo langu. Halikuguswa. Pindo la kanga ya mama lilikuwa limekaa vilevile nilivyolikaza kwa meno yangu. Hawakusoma hata jina la kitabu.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa karani, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni siwezi kuyaandika hapa. Nilitaka kumwambia kwamba ni uchafu wake uliotufukuzisha, kwamba hata Mzungu ambaye hakufungua alisikia harufu. Nilimkuta kwenye kiti chake. Shikamoo sikuitoa. Nikamrushia barua mapajani. Akavaa miwani, akasoma mara moja, akaikunja vizuri kama ya serikali, akanirudishia. Hakusema, "Nilikuambia." Laiti angesema, ningepata pa kuanzia.

"Andika ile yako," nikasema. "Ile niliyoichana. Sasa andika, tuipeleke tena."

"Siikumbuki."

"Basi andika nyingine. Njia imefunguka, nenda mwenyewe."

Akatema koponi, nusu ikaingia.

"Mshenga harudi nyumba iliyomkatalia," akasema. "Umewahi kuona? Akirudi, yeye ni ombaomba. Mimi nilikuwa nakwenda mara moja tu, na hiyo mara moja umekwenda wewe."

Akainuka akaingia chumbani, akaniacha nimesimama na bunda langu. Mkewe akanivuta mkono tukaenda uwani. Yule mwanamke ambaye kwa miezi minne sikuwa nimemsikia akisema maneno kumi, alisema yote mara moja, kwa sauti ya chini, huku anapembua mchele.

"Barua ile aliiandika siku tatu. Anaandika, anafuta. Na ile Jumatatu ulipomkuta hajisikii vizuri, hakuwa mgonjwa. Alikuwa amefika pale mtoni, penye ndiga. Siku hiyo na ya pili yake hakula. Mkate wako nikaurudisha, maana alisema hawezi kula mkate wa nyumba hiyo. Siyo kwa dharau, mwanangu. Alikuwa na dada yake mkubwa, aliyemlea mgongoni. Alikufa hivyo hivyo, kwa ndiga."

Nikauliza alikufia wapi. Nikawa natumaini na kuogopa.

"Huko Tingi."

Kwa hiyo hakuwa yule wa mama yangu, yule alikuwa wa Mitole. Walikuwa wengi tu.

Nilikwenda nyumbani kwa njia ya nyuma nisionwe na mtu. Nilikuwa najichukia kwa namna ambayo sijapata kumchukia mtu mwingine, hata waume zangu. Miezi minne nimetazama mdomo wa mtu na sikutazama alichokuwa akikisoma kwa mdomo huo. Nilikaa uwani palepale nilipokaa na wembe, nikalifungua fundo, nikaanza kugeuza. Zile kurasa ishirini nilizozikwangua zilikuwa nyeupe, kona zimechubuka, hazionyeshi kitu. Kuanzia hapo alama zikaendelea, moja moja, mbili mbili, mtu amepita na amerudi. Nikafika ukurasa wa hamsini na nne, ule wa mtoni penye vikapu. Ule haukuwa na alama moja wala mbili. Kona ya chini ilikuwa nyekundu yote, ya juu vilevile, na karatasi ilikuwa imelegea kwa kushikwashikwa, imekuwa laini kama kitambaa cha zamani. Ilinuka. Nilikuwa naelekea ukurasa huo kwa wembe, na ningeukwangua kama nisingechoka.

Kitabu hakikuchapwa, siku ile wala baadaye. Mitole sijui kama waliwahi kusikia. Miaka iliyofuata watu waliniambia nijaribu tena, zamani zimebadilika, lakini mimi kila nikishika kalamu kuandika barua ya kuombea, mkono ulitaka kuandika kwamba hakina faida, nikaiweka chini.

Jioni ile bunda liliporudi, mama alinisikia uwani, akaniita ndani. Akaniuliza wamesemaje. Sikumficha. Nikamsomea barua yao, kisha akauliza yetu ilisemaje, nikamwambia na hiyo, neno kwa neno, mpaka kwenye uchafu wa kurasa.

"Mimi ndiye niliyekufunza hivyo," akasema.

Nikasema hapana, mama. Akaniambia ninyamaze.

"Kwa hiyo hakuna aliyesoma."

"Yupo mmoja," nikasema.

Nikamweleza habari za karani, mkate, na dada yake wa Tingi. Kisha nikamwekea ule ukurasa mkononi. Hakuweza kuona maandishi tena wakati ule. Aliupitisha kwenye vidole mpaka akaipata kona, akaisugua kwa dole gumba lake, mara kadhaa, akaipeleka puani.

"Tambuu," akasema. "Mtu mchafu huyu."

"Mchafu sana, mama."

Aliendelea kuushika. Nikaona midomo yake inataja jina la yule msichana wa Mitole.

"Basi yupo anayemjua," akasema.

Akanirudishia ukurasa, akaniambia nimletee maji tunawe mikono.